Sura ya Saba: Wanaoruka na Wanaobaki Chini

Kutoka Ndosho huwezi kuuona uwanja wa ndege wa Goma. Katikati kuna Katoyi, kuna Mabanga, kuna bahari ya mabati yaliyobanana mpaka kwenye senyenge za uwanja wenyewe. Lakini mpaka Januari 2025 ulikuwa ukiusikia. Ndege ya mizigo ya Antonov ilipojivuta kupanda, mbao za nyumba zilitetemeka kidogo na mama aliyekuwa akipanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni wala hakuinua kichwa. Helikopta ya Mi-8 ilijulikana kwa mdundo wake mzito, uliotangulia dakika nzima kabla haijatokeza juu ya mapaa. Sukhoi ya jeshi la taifa ilikuwa jambo jingine kabisa: ulipotazama upande ulikotoka mlio, yenyewe ilikuwa imeshafika mbele.

Watoto wa mtaa huu walizitofautisha zote kabla hawajajua kuandika majina yao. Wazazi wao walisikiliza mambo mengine zaidi: ngapi zimeondoka, zimeelekea Sake au Rutshuru, na ngapi zimerudi. Mengi yaliyoandikwa kuhusu vita vya angani yameandikwa na marubani, au na watu waliowahusudu marubani, na ndiyo maana yamejaa mawingu na ushujaa. Mimi nimeona heri niuanze uwanja huu kwa chini, kwa sababu ndege ya vita hukaa chini saa nyingi kuliko inavyokaa juu, na mzigo wake wote, wa mafuta na wa majeruhi, hupitia mikononi mwa watu wasioruka kabisa.

Kwanza, jiwe. Barabara ya kurukia ya Goma ilijengwa ikiwa na urefu wa mita 3,000, kutoka kusini kwenda kaskazini, na ncha yake ya kaskazini imeelekezwa moja kwa moja kwenye volkeno ya Nyiragongo, kana kwamba mchoraji alitaka kila rubani auamkie mlima kabla ya kuondoka. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ukaitikia. Ujiuji wa moto ulishuka hadi mjini, ukafunika karibu theluthi moja ya barabara hiyo, ukapita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Ujiuji ulipopoa ukawa mwamba mweusi, na kwa miaka mingi baadaye ndege zilitua kwenye mita 2,000 hivi zilizobaki, nyingine zikiwa zimebeba shehena iliyopangwa kwa barabara ndefu zaidi.

Ncha ya kusini ni mji. Hakuna uwazi wa kusamehe makosa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa barabara na kuingia Birere, kwenye maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya Dornier iliangukia mtaa wa Mapendo dakika chache tu baada ya kuruka. Hizo zilikuwa ndege za abiria, katika siku ambazo mjini hapakulia risasi. Ongeza sasa maroketi, mapipa ya mafuta ya ndege na marubani wasioufahamu mlima, upate picha ya uwanja tunaouzungumzia.

Ndosho yenyewe iliingia katika historia ya uwanja huu mwaka 1994. Mwezi Juni Wafaransa walikuja na operesheni ya kwenda Rwanda waliyoiita Turquoise. Ndege zao za kivita ziliwekwa Kisangani. Goma ikapewa kazi nzito ya mizigo, askari na helikopta. Katikati ya Julai, katika muda wa siku chache, Wanyarwanda kati ya laki nane na milioni moja walivuka mpaka na kujaa mjini na kandokando yake. Kipindupindu kilifuata. Inakadiriwa watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na mwamba wa volkeno ulikuwa mgumu kiasi kwamba makaburi hayakuchimbika kwa majembe. Ndege za misaada zilitua mchana na usiku. Watoto waliookotwa wakiwa peke yao, wengine kando ya maiti za mama zao, waliletwa Ndosho, na kituo cha yatima cha hapa kikajaa maelfu. Wazee wa mtaa wakiutaja mwaka ule husema tu "wakati wa kolera", na kila mtu anaelewa.

Baada ya hapo uwanja haukupumzika. Lakini kikosi ninachotaka kukaa nacho zaidi kilikuja mwaka 2012, nacho kilitoka mbali sana: Ukraine.

Kiliitwa Kikosi Maalumu cha 18 cha Helikopta, na kilikuwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Kilikuwa na Mi-8 za kubebea watu na mizigo, na Mi-24, helikopta ya kushambulia yenye mabawa mafupi ya kuning'inizia maroketi, iliyobuniwa enzi za Kisovieti. Huku ilipakwa rangi nyeupe na kuandikwa UN kwa herufi nyeusi. Naikumbuka kama kitu cha ajabu: silaha ile, katika rangi ya gari la wagonjwa.

Siku ya kikosi cha namna hii huanza na mafundi. Giza halijaondoka vizuri wanakwenda kuondoa vifuniko kwenye matundu ya injini na kupapasa mapanga, kiungo kwa kiungo, wakitafuta ufa. Vumbi la Goma ni jiwe lililosagika. Likiingia kwenye injini hukwaruza kama msasa. Kwa hiyo wanafuta, wanachunguza vichujio, wanaandika daftarini. Mafuta yamefika kwa barabara, kwenye malori yaliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi na kupita nchi moja au mbili za jirani kabla ya kufika mpakani. Hutazamwa kama yameingia maji, kwa sababu tone la maji ndani ya tangi linaweza kuifanya kazi ambayo adui ameshindwa kuifanya.

Kisha hesabu. Uwanja wa Goma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapanda juu zaidi. Hewa ni nyepesi huko. Mapanga yanashika kidogo kuliko yanavyoshika bondeni, na jua likipanda hewa hupungua nguvu zaidi. Helikopta inayoweza kubeba watu ishirini na zaidi pwani haiwezi kuwabeba wote saa saba mchana kutoka kilima cha Masisi. Ndiyo maana safari nyingi hupangwa asubuhi. Sababu ya pili ni mawingu: karibu na adhuhuri hujikusanya juu ya Virunga na juu ya ziwa, na mchana huanguka mvua ya radi. Milima hii ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Karibu na Kabare wanasayansi wamehesabu kwa setilaiti zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na Afrika nzima haina mahali pa kushindana napo.

Basi, marubani wanasomewa hali ya hewa na habari za adui, wanavaa, halafu wanangoja. Kungoja ndiyo kazi kubwa. Wanangoja wingu lipande juu ya Kibati. Wanangoja kibali, kwa kuwa helikopta ya Umoja wa Mataifa hairushi roketi kwa hamu ya rubani; amri hupitia ngazi nyingi, na wakati mwingine huko juu wanabishana mpaka jua linazama. Wanangoja jenerali anayechelewa. Wakikaa chini ya turubai wanacheza karata, wanakunywa chai, wanatazama simu.

Wafanyakazi Wakongomani walikuwa nao muda huo wote: madereva, wafagiaji, wakalimani, walinzi. Kati ya kundi moja na jingine palikuwa na Kifaransa kidogo, Kiingereza kidogo, Kirusi cha maneno kumi na Kiswahili cha maneno matano. Jioni walinzi walirudi makwao, wengine huku magharibi, Ndosho na Mugunga, wakapanda pikipiki watatu watatu, na yale waliyoyaona uwanjani yakaingia mtaani kabla redio haijayasema. Uwanja wenye vita hauna siri mbele ya anayeufagia.

Novemba 2012 kikosi kilipata mtihani wake wa kwanza mkubwa. Waasi wa M23 walikuwa wakishuka kutoka Kibumba. Helikopta za kushambulia za MONUSCO ziliruka mara nyingi zikirusha maroketi kaskazini mwa mji, na sisi tulioko chini tulidhani jambo limekwisha. Tarehe 20 Novemba M23 waliingia Goma. Walikaa mpaka tarehe 1 Desemba. Tangu hapo watu wa mji waliangalia kila kitu cheupe kinachoruka kwa jicho la mwenye deni lake: mbona zinazunguka tu? Hasira hiyo haikwisha. Julai 2022 ililipuka, waandamanaji wakavamia majengo ya MONUSCO, na watu wengi wakapoteza maisha, raia na walinzi wa amani.

Marubani wale walijisikiaje kuchukiwa na watu waliotumwa kuwalinda? Nadhani walikuwa na mzigo mwingine ulio mzito zaidi. Tangu mwaka 2014 nchi yao wenyewe ilikuwa vitani, upande wa Donbas. Wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, saa ya Kyiv na saa ya Goma ni ileile. Mtu akimpigia mkewe saa mbili usiku, huko nako ni saa mbili usiku. Mchana unaruka juu ya vita vya wengine, usiku unauliza habari za vita vya kwenu. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine yote. Wiki mbili hazikutimia, rais wao akaamuru walinzi wote wa amani na helikopta zao warudi. Hapa Kongo walikuwa wapatao 250. Ilichukua miezi kufungasha, na Septemba 2022 walikuwa wameshaondoka, pamoja na mashine ambazo MONUSCO haikuwa rahisi kuzipatia mbadala.

Hali hiyo, ya kuruka kutoka uwanja wa ugenini wakati kwenu kunaungua, ina mfano maarufu, na kwa njia ya kushangaza mfano huo umeacha makaburi Afrika Mashariki. Mwaka 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti ziliigawana Poland. Marubani na mafundi wa Poland walitoroka kupitia Romania na Ufaransa hadi Uingereza, na Julai 1940, kwenye uwanja wa Bramcote, kikaundwa kikosi cha kwanza cha Kipolandi cha ndege za mabomu, namba 300. Kikosi cha 301 kilifuata mwezi huohuo. Safari zao za kwanza za vita, Septemba mwaka ule, zilikwenda kupiga majahazi ambayo Wajerumani waliyakusanya bandarini Boulogne ili kuivamia Uingereza. Walianza na ndege dhaifu za Battle, wakahamia Wellington, na mwaka 1944, wakiwa Faldingworth, kikosi cha 300 kilipewa Lancaster.

Siku yao ingeeleweka vizuri Goma. Asubuhi jina lako liko ubaoni au haliko. Mafundi wanajaribu injini. Mchana ndege inarushwa kidogo kuona kama ni nzima, halafu mabomu na mafuta yanapakiwa, na mtu mwenye kipaji kidogo tu anaweza kukisia umbali wa shabaha kwa kutazama lita zilizomiminwa. Jioni wanaambiwa wanakokwenda. Mlo kabla ya kuondoka ulikuwa na yai, na yai katika Uingereza ya mgawo wa vita lilikuwa jambo la kusimulia. Kisha usiku mzima mafundi wanabaki na baridi yao, wakihesabu milio inaporejea alfajiri. Katika watu wapatao 125,000 walioruka na Kamandi ya Mabomu ya Uingereza, 55,573 hawakurudi. Waliokuwa wamebaki chini ndio waliokusanya nguo na barua zao.

Na familia? Wapolandi wengi walikuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiwa mwaka 1941 wanaume waliingia jeshini, na wanawake, watoto na wazee wakapitishwa Uajemi, kisha wakaletwa kwa meli mpaka Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na Wapolandi wapatao 5,000. Wengine waliwekwa Ifunda na Kidugala, wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Walijenga vibanda vya makuti, makanisa na shule, na wakangoja barua. Kwa hiyo mwaka 1944 palikuwa na watoto chini ya Mlima Meru waliokuwa wakisubiri habari kutoka Italia, kutoka Uingereza na kutoka baharini, na Mmeru aliyewauzia ndizi alijua siku ambayo habari imekuwa mbaya. Makaburi ya Tengeru yangali yanatunzwa.

Turudi Goma. Baada ya aibu ya 2012, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 tarehe 28 Machi 2013 na kuunda Brigedi ya Kuingilia Kati: Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Watanzania walipendwa haraka. Walinunua ndizi na kubishana bei bila mkalimani, na Kiswahili chao kilichonyooka kilichekesha watoto. Mizinga yao ya Munigi ilisikika mpaka kwetu. Tarehe 28 Agosti 2013, katika mapigano ya Kibati, Meja Khatibu Mshindo aliuawa. Jina lake nimelisikia likitajwa Goma na watu ambao hawajawahi kufika Tanzania.

Waafrika Kusini ndio walioleta ndege mpya. Rooivalk ni helikopta yao ya kushambulia, ya watu wawili, waliyoibuni wenyewe wakati wa vikwazo. Zilijengwa 12 tu za kutumika jeshini, na kwa zaidi ya miaka ishirini tangu iruke mara ya kwanza mwaka 1990 hakuna iliyokuwa imepiga vitani. Tatu zililetwa Goma. Tarehe 4 Novemba 2013 zilipelekwa kwenye vilima vya Tshanzu, karibu na Bunagana, ambako M23 walikuwa wamejichimbia kwa mara ya mwisho. Zikarusha maroketi kwenye mahandaki yao. Kesho yake M23 walitangaza kuacha vita. Ukimsikiliza shabiki wa ndege atakwambia Rooivalk ndiyo iliyomaliza kazi. Si haki kwa askari wa miguu wa Kongo waliopanda vilima vile wakiwa wamelowa, wala kwa wachukuzi wa risasi. Lakini wana wa mtaani walikwisha kuchora helikopta ile kwa mkaa kwenye mbao za nyumba, na mkaa hauchori wachukuzi.

Desemba ya mwaka uleule uwanja ukapata mgeni asiye na rubani. Droni ya Falco, ya Kiitaliano, isiyo na silaha, ilizinduliwa hapa tarehe 3 Desemba 2013 mbele ya mkuu wa walinzi wa amani, Hervé Ladsous. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia macho kama yale. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukera. Mtu aliyekuwa akichoma makaa kinyume cha sheria ndani ya hifadhi ya Virunga alikuwa na sababu ya kuiogopa kuliko Mi-24.

Milima nayo hujibu. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Puma ya Wapakistani wa MONUSCO ilianguka Tshanzu, pale pale, na watu wote wanane waliokuwamo walikufa. Tarehe 5 Februari 2023 helikopta ya Oryx ya Afrika Kusini ilipigwa risasi ikitoka Beni kuja Goma. Mmoja wa wahudumu wake aliuawa angani na mwingine alijeruhiwa, na bado waliobaki waliifikisha Goma na kuitua. Fikiria zile dakika za mwisho: redio, mnara, magari ya zimamoto yanayosogea, na mafundi wanaohesabu mlio mmoja na kujua, kabla haujaonekana, kwamba hauko sawa.

Wakati huo vita na M23 vilikuwa vimerudi, na uwanja ulikuwa na wapangaji wengine. Serikali ilileta Sukhoi-25 zake, ndege za mabomu za kushambulia kwa chini, zile zilizokuwa zikipasua mabati yetu. Waliziongezea wakandarasi wa kigeni. Tarehe 24 Januari 2023, saa za jioni, moja ya ndege hizo ilikuwa inarudi kutua pale kombora lilipoifukuza juu ya Goma na Gisenyi, mji wa Rwanda wa ng'ambo ya mpaka, na kulipuka karibu nayo. Rwanda ilisema ndege imevunja anga yake. Kongo ilisema hicho ni kitendo cha vita. Wakati wanasiasa wanatafuta maneno, rubani alitua na moto ubavuni, na watu wa uwanja wakakimbilia na maji. Maelfu mjini waliona kwa macho yao, simu zikiwa juu. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2024, droni ilipiga uwanja wenyewe. Jeshi lilisema ndege zake zilikuwa zimelengwa na kwamba zilizoharibika ni za raia.

Sasa Ndosho hasa. Hospitali ya CBCA Ndosho ni ya Wabaptisti, na tangu 2012 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiweka hapo timu za upasuaji wa vita pamoja na madaktari na wauguzi wa Kongo. Ndiyo nusu ya pili ya uwanja wa ndege. Mapigano ya Masisi au Rutshuru yakianza alfajiri, majeruhi hufika mchana, usiku, au siku ya tatu, kwa kadiri barabara na silaha zitakavyoruhusu: kwa helikopta mpaka uwanjani kisha gari la wagonjwa, uwanja ulipokuwa wazi, kwa pikipiki kupitia Sake, mgongoni mwa ndugu, hata juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kutoka Sake mpaka mjini ni kilomita 25 hivi, na zikiwa na vizuizi vya askari zinakuwa ndefu kuliko safari ya kwenda Kinshasa.

Mlangoni hawaulizi umetoka jeshi gani. Wanatazama nani anaweza kungoja na nani hawezi, na wapo wachache wanaopewa dawa ya maumivu na mkono wa kushika tu. Kisha chumba cha upasuaji, na hapa kuna jambo ambalo ndugu wa majeruhi huwa hawalielewi mpaka waelezwe mara mbili. Jeraha la risasi au la kipande cha bomu halishonwi siku ya kwanza. Risasi huingia na nguo, udongo na vijidudu, na huua nyama kuzunguka njia yake. Ukilishona umefungia uozo ndani. Daktari hukata nyama iliyokufa, huosha, huliacha wazi chini ya bandeji kubwa, na halifunui mpaka siku ya nne au ya tano. Likiwa safi ndipo linashonwa. Kwa hiyo wodini mna kungoja kwingine, kunakofanana sana na kule kwa uwanjani: watu wanahesabu siku, wanasikiliza milio ya juu, wanaulizana habari za Sake.

Mifupa inachukua wiki, na mguu uliokatwa unachukua miezi. Wengi wa waliokatwa hupelekwa katika kituo cha Shirika la Umoja, hapahapa Goma, kupimwa na kutengenezewa mguu wa bandia na kufundishwa kutembea upya. Uani mwa hospitali jamaa wanapika bugali na sombe, kwa maana hakuna anayepona kwa dripu peke yake. Mwanajeshi wa serikali, kijana wa Wazalendo, wale wapiganaji wa kienyeji walio upande wa serikali, mama aliyepigwa bomu akichota maji: vitanda vyao vinafuatana. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani huko Mugunga na Lac Vert, majirani wa Ndosho kabisa, na siku hiyo hapakuhitajika helikopta kuwaleta majeruhi. Umbali ulikuwa wa kutembea.

Januari 2025 nusu mbili hizo ziligongana. Tarehe 23 Sake ilianguka. Mizinga iliyokuwa habari ya mbali ikawa habari ya mtaa. Ndosho iko kwenye barabara hiyo ya Sake, kwa hiyo kila aliyekimbia kutoka magharibi alipita mlangoni pake, na magodoro, na mbuzi, na mabidoni ya manjano. Uwanja wa ndege ulifungwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 waliingia mjini, na mapigano yakaendelea siku mbili zaidi, hasa kuuzunguka uwanja. Maji yalikatika, umeme ulikatika, intaneti ilikatika. Wakandarasi wa Kiromania zaidi ya 280 waliokuwa wakilisaidia jeshi walijisalimisha na kupitishwa Rwanda kwenda kwao. Hospitalini majeruhi walilala chini, koridoni, na katika mahema yaliyopigwa uani. Msalaba Mwekundu ulisema vituo ulivyovisaidia vilipokea zaidi ya majeruhi 600 katika mwezi ule, karibu nusu yao wakiwa raia. Madaktari walipasua usiku na mchana huku risasi zikipita juu ya paa, na wauguzi waliokuwa zamu siku ya kwanza hawakuweza kurudi nyumbani kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo uwanja ukanyamaza. Kwa miezi mingi hakuna ndege ya abiria iliyotua. Anayekwenda Kinshasa alilazimika kuvuka mpaka hadi Kigali na kuanzia safari huko, kama ana hati na nauli. Walinzi, wafagiaji na wapakiaji mizigo waliokuwa wakirudi Ndosho jioni walikosa kazi kwa pamoja. Baadhi yao leo wanaendesha pikipiki, wengine wanauza kadi za simu kwenye makutano ya Entrée Président. Dawa za hospitali zilizokuwa zikishuka kwa ndege zikaanza kuja kwa malori kupitia Rwanda, na zilifika zikiwa zimechelewa. Majeruhi wa Masisi wakaletwa kwa barabara tu, na yule ambaye helikopta ingemfikisha kwa dakika ishirini sasa anafungwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, katikati ya dereva na kaka yake, saa sita au saba, kama mvua haijanyesha.